Bwana Amerika wa Landhi za Reli

Katika landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi pale Nakuru, hakuna aliyemwita Zakayo Khaemba kwa jina lake. Mkewe Nabalayo alimwita Baba Wamalwa, kwa jina la mtoto wao. Wengine wote, kuanzia wafagiaji wa steshini hadi madereva wa garimoshi, walimwita Amerika. Yeye mwenyewe hakuwa amevuka zaidi ya Kampala. Alikuwa karani wa vifurushi, mwembamba, mwenye miwani na mwandiko mzuri kupita kiasi, na kazi yake kutwa ilikuwa kuandika lebo: Eldoret, Kitale, Kisumu, Mombasa. Mizigo ya watu ilisafiri, yeye akabaki na kalamu yake.

Amerika ilimwingia tangu utotoni. Kwao Lugulu alisomeshwa na wamisheni wa Friends, wale Wakristo kutoka Marekani wanaosali kwa kukaa kimya. Mwalimu wake, Misi Ruthu, alikuwa na babu ambaye zamani aliwaficha watumwa waliotoroka, akiwalaza chini ya sakafu ya jikoni mpaka wapate njia ya kwenda kaskazini. Mama huyo aliporudi kwao alimwachia Khaemba kitabu kinene cha historia ya nchi yake, kisicho na jalada. Khaemba alikisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa cha zamani. Mengine aliyaokota kwenye magazeti makuukuu yaliyofungiwa vifurushi, akiyakunjua kwa uangalifu kama mtu anayekunjua noti.

Kila Jumapili baada ya ibada, watu waliketi kwenye masanduku ya sabuni mbele ya chumba chake, na yeye akaanza. Alianza na ardhi: jinsi wageni walivyofika wakiwa na njaa, wakalishwa na wenyeji, kisha wenyeji wakasukumwa hatua kwa hatua mpaka wakabaki na vipande vya nchi ambavyo hakuna aliyevitaka. Akaja kwa watumwa na mashamba ya pamba. Akaja kwenye vita vya kaskazini na kusini, ndugu kuuana na ndugu, na rais aliyetia sahihi kwamba watumwa wako huru.

"Halafu?" Owuor angeuliza hapo. Owuor alikuwa mtia makaa kwenye injini, jirani wa ukuta mmoja, na alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara arobaini.

"Halafu wakaachwa mataani," Khaemba angejibu. "Uhuru wa karatasi. Mlango wao huku, mlango wa wazungu kule."

Hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Steshini yao wenyewe ilikuwa na vyoo vya aina tatu, na walijua kila kimoja ni cha nani. Juu kule Milimani, walikoishi wazungu, kulikuwa na nyumba ambazo wangeweza kuingia kwa mlango wa jikoni tu. Lakini miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, na mtu hakuweza kukaa nje mchana kweupe akazungumzia ardhi ya Kenya. Askari alipopita akisikia ni mambo ya pamba na watumwa wa ng'ambo, aliendelea na safari yake. Huo ndio ujanja wa Khaemba, na sina hakika kama mwenyewe aliujua. Watu wale walikuja kusikiliza habari zao.

Walipenda zaidi mambo mapya. Walipenda watu wa mji wa Montgomari, huko Alabama, waliokataa kupanda basi zaidi ya mwaka mzima, wakaenda kazini kwa miguu, wazee kwa vijana, mpaka sheria ya kuwakalisha nyuma ikaanguka. Na walipenda kuliko yote wale watoto tisa weusi wa mwaka hamsini na saba, waliokwenda kuanza masomo katika shule ya wazungu. Khaemba aliisimulia hiyo huku ameshika miwani mkononi. Alieleza juu ya msichana aliyetembea peke yake katikati ya kundi la watu wazima wanaomtukana na kumtemea mate, vitabu vyake kifuani, na mvua ya matusi isiyokatika. Kila aliposimulia, machozi yalimtoka, wala hakuyaonea haya. Wamalwa, mwanawe wa kwanza, alikuwa akisimama mlangoni nyuma yake, akimeza kila neno.

Wamalwa alikuwa kijana wa kutajika. Alizaliwa mwaka arobaini, akasoma kwa bidii mpaka walimu wakawa wanamtaja mbele ya wenzake. Lakini kulikuwa na jambo moja kwake lililobaki nyuma. Alikuwa hajatahiriwa.

Kwa Wabukusu, watu wa kabila lao, jambo hilo halifanywi siku yoyote mtu akijisikia. Tohara ni Agosti, tena ya mwaka wa shufwa tu: hamsini na nne, hamsini na sita, hamsini na nane. Ukikosa, unangoja miaka miwili. Kijana hupiga njuga akiwaalika jamaa, huenda kwa mjomba wake kuchinjiwa fahali, na siku yenyewe hupakwa tope la mtoni alfajiri, akasimama wima mbele ya ukoo mzima, asipepese jicho kisu kinapopita. Mwaka wa hamsini na nne Wamalwa alionekana mdogo. Mwaka wa hamsini na sita babu yake alifariki Julai, na nyumba yenye matanga haitoi mtahiriwa. Mwaka wa hamsini na nane alikuwa na mtihani mkubwa mwishoni mwa mwaka, na Khaemba mwenyewe ndiye aliyesema, "Vitabu kwanza. Kisu kitangoja mwaka wa sitini." Alijisikia mtu wa kisasa kweli siku hiyo. Khisa, kaka yake Nabalayo, aliyekuwa mjomba wa kijana, alipoambiwa ana kwa ana hakunung'unika. Alitenga fahali mwekundu, akamwachia nafasi ya kunona.

Barua ilifika Aprili mwaka wa hamsini na tisa. Chuo kimoja cha watu weusi huko Alabama kilikuwa kimempa Wamalwa nafasi pamoja na rafiki yake wa shule, Kosgei, kijana kutoka mashamba ya pareto ya Keringet. Masomo yangelipiwa. Ndege ingeondoka Nairobi Septemba na wanafunzi wengine wa Kenya. Kilichobaki ni fomu moja, na kwa kuwa Wamalwa hakuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja, fomu hiyo ilihitaji sahihi ya baba.

Landhi zilipiga vigelegele. Owuor alicheza na koleo lake la makaa begani. "Amerika amezaa Amerika!" alipiga kelele. Nabalayo alipika chapati za watu wote, akalia na kucheka kwa pamoja. Khaemba alisoma barua mara tatu. Mara ya nne alisoma jina la jimbo tu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wiki mbili zikapita bila fomu kutiwa sahihi. Wamalwa alipouliza, baba yake alitazama kikombe chake cha chai.

"Unaenda miaka minne, mitano," alisema. "Utarudi ukiwa na miaka ishirini na nne. Hujatahiriwa. Utaketi wapi na wanaume wenzako?"

"Baba, nitatahiriwa nikirudi."

"Nani amewahi kusikia hivyo? Mwaka ni wa sitini. Tutaandikia chuo wakungoje mwaka mmoja tu."

"Na wakikataa?"

"Hawawezi kukataa. Ni watu wa elimu."

Nabalayo alijaribu njia yake. Alimngoja mumewe amalize kula, akasema taratibu, "Baba Wamalwa, hapa Nakuru hospitali iko. Watoto wengi wa Wakristo siku hizi wanapelekwa huko, daktari anamaliza kwa dakika kumi. Kijana apone, aende zake."

Khaemba aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Mtoto wangu alazwe kitandani, achomwe sindano, asisikie kitu kama mbuzi aliyelala? Na akija kuulizwa alisimama wapi, aseme alilala?"

"Basi mwandikie Khisa. Mtoto ni wake vile vile. Akisema mtoto aende, utakataa?"

"Nitamwandikia," alisema Khaemba.

Owuor hakuwa mtu wa taratibu. Alimkamata jirani yake penye bomba la maji asubuhi, watu wakiwa wamejipanga na ndoo. "Omera, sisi Wajaluo tuling'olewa meno sita ya chini. Mimi nilikimbia, meno yangu yote iko hapa, ona! Kuna mtu amenikataza kutia makaa? Hao Waamerika watamfungua huyo kijana suruali kwa ndege?"

Watu walicheka hadi maji yakamwagika. Khaemba hakucheka. "Nyinyi hamwezi kuelewa," alisema, akaondoka na ndoo nusu.

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alielewa vizuri mno, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Usiku hakuwa akiota kisu wala fahali. Aliota barabara ya Alabama. Miaka ishirini alikuwa akisimulia juu ya watu waliotundikwa kwenye miti kwa kumtazama mwanamke mzungu vibaya, juu ya makanisa yaliyochomwa, juu ya kijana mdogo aliyetolewa mtoni akiwa hatambuliki uso. Aliyasimulia kwa sauti nzuri, na Wamalwa akiwa mlangoni. Sasa nchi ile ilikuwa imenyoosha mkono ikimtaka mwanawe yule yule. Aliogopa, kwa uoga ambao baba yeyote angeuhurumia kama angeutamka. Lakini mtu anayeitwa Amerika atasemaje mbele ya watu kwamba anaiogopa Amerika? Tohara ilikuwa sababu ya heshima. Hakuna Mbukusu ambaye angemcheka.

Mwisho wa Mei aliwaambia mke na mtoto kwamba shemeji amejibu. "Khisa amekataa kabisa," alisema. "Anasema fahali amekwisha kutengwa, na ukoo hauwezi kudharauliwa." Nabalayo aliinamisha kichwa. Kaka yake alikuwa mkubwa kwake, na neno lake lilikuwa neno. Wamalwa alitoka nje.

Khisa hakuwa amekataa. Hakuwa ameulizwa. Karani mwenye mwandiko mzuri kuliko wote Nakuru alikuwa hajaandika hata mstari mmoja kwenda Lugulu, kwa sababu alimjua shemeji yake, na alihofia jibu lake. Barua aliyoiandika ni ile ya Alabama, ya kuomba mwaka mmoja. Aliipamba kwa Kiingereza cha kanisani, akaituma, akajiambia kwamba amefanya linalowezekana.

Septemba Kosgei alikuja kuaga. Alishukia steshini kutoka Keringet akiwa amevaa koti la kaka yake, mikono imezidi urefu, na sanduku la bati lililofungwa kamba. Lilipaswa kutangulia kwa behewa la mizigo hadi Nairobi. Wamalwa ndiye aliyelibeba mpaka kaunta ya vifurushi, akalipandisha mbele ya baba yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mzee," alisema Kosgei. "Naomba uniandikie lebo. Wamesema mwandiko wako hata huko Amerika watausoma."

Khaemba alichukua kalamu. Miaka kumi na tisa kwenye kaunta ile hakuwa amewahi kuandika neno lile kwenye lebo. Aliandika jina la Kosgei, jina la chuo, jimbo, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, AMERIKA. Wino ulikauka. Alipoinua macho, mwanawe alikuwa akiitazama lebo ile, sio yeye. Khaemba alitamani kusema kitu, hata jambo la mzaha. Nyuma ya Kosgei kulikuwa na Mhindi mwenye katoni za vitambaa aliyekuwa akiulizia risiti yake, na wakati ukapita.

Garimoshi lilipoondoka na Kosgei, Wamalwa alikimbia nalo hadi mwisho wa jukwaa, akipunga mkono. Kisha akasimama pale muda mrefu, mahali ambapo saruji inaishia na kokoto zinaanza.

Jibu la chuo lilifika wiki ya pili ya Oktoba. Lilikuwa fupi, la adabu. Walisikitika kwamba nafasi haiwezi kuwekwa, na kwamba waombaji ni wengi. Khaemba alimpa mwanawe barua aisome mwenyewe. Wamalwa aliisoma akiwa amesimama, akairudisha katika bahasha yake, akaiweka mezani mbele ya baba yake taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Jumapili iliyofuata watu walikusanyika kama kawaida. Kulikuwa na kijana mgeni, amehamishwa kutoka Naivasha, aliyekuwa amesikia sifa. "Mzee, tuambie ile ya watoto tisa," aliomba. Khaemba alivua miwani, akaanza. Aliingia nyumbani mwa yule msichana asubuhi ile. Alieleza jinsi gauni jipya lilivyopigwa pasi, jinsi mama alivyosali, jinsi baba alivyokuwa akizunguka ndani ya nyumba na biri isiyowashwa mdomoni. Wote walijua kinachofuata. Kinachofuata ni mlango kufunguliwa.

Hapo alikoma. Maana yule baba pia alikuwa ameogopa. Yule baba alijua yaliyokuwa nje kuliko Khaemba, hakuyasoma kwenye gazeti la kufungia vifurushi, na bado alisimama kando, akamwacha mtoto wake apite. Miaka miwili mizima Khaemba alikuwa akisimulia habari za msichana, na hakuwahi hata mara moja kumfikiria baba.

"Halafu?" aliuliza Owuor, kwa sauti ya chini.

"Leo inatosha," alisema Khaemba. Aliinuka, akaingia ndani, akaacha watu wakitazamana. Nyuma ya mlango hapakuwa na mtu, maana Wamalwa alikuwa ameacha kusikiliza tangu Aprili.

Siku nne baadaye, saa tisa mchana, Wamalwa alirudi nyumbani akitembea polepole, miguu imeachana, amejifunga shuka ya mama yake kiunoni. Nabalayo aliyekuwa akichambua maharagwe aliinuka, ungo ukaanguka.

"Nimetoka hospitali," alisema kijana. "Imekwisha."

Khaemba alikuwa amerudi kuchukua funguo alizozisahau. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi. "Umefanya nini, Wamalwa? Mwaka wa sitini..."

"Mwaka wa sitini uandike wewe, Baba. Wewe ndiye karani." Sauti yake haikupanda. "Ulinifundisha kwamba watu wale walitembea mwaka mzima ili wasikae nyuma ya basi. Nikafikiri unanifundisha ili nami nitembee. Kumbe zilikuwa hadithi tu, za Jumapili."

"Mimi nilifuata desturi ya..."

"Hukuogopa desturi. Uliogopa huko kwako, Amerika." Alishika ukuta, akaingia chumbani kulala. Alipopona alipata kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha saruji Tororo. Aliondoka kwa garimoshi la asubuhi, na sanduku lake alilishika mwenyewe. Halikuhitaji lebo.

Novemba ilikuja barua yenye stempu ya Marekani, imeandikiwa Wamalwa kwa anwani ya ofisi ya vifurushi. Khaemba alipaswa kuipeleka Tororo. Aliipeleka, lakini kwanza aliifungua kwa mvuke wa birika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa barua ya mtu yeyote. Kosgei aliandika kwamba baridi inauma, kwamba ndani ya basi la mjini bado anakaa nyuma ingawa sheria ilianguka, na ndani ya chuo anakaa mbele, kwamba kuna wavulana weusi pale wanaopanga mambo makubwa. Hakuna aliyemgusa. Mwishoni aliandika kwamba chumba chao kina vitanda viwili, na cha pili hajapewa mtu, basi ameweka vitabu vyake juu yake ili kisionekane kitupu.

Khaemba aliigundisha bahasha upya, akaandika lebo ya Tororo.

Krismasi walikwenda Lugulu, yeye na Nabalayo. Khisa aliwapokea kwa furaha, akamshika shemeji yake mkono akamwongoza moja kwa moja hadi zizini kabla hata hawajanywa chai. Fahali mwekundu alikuwa amesimama kwenye kivuli, ngozi inang'aa, shingo nene kama gogo.

"Ona mnyama," alisema Khisa. "Agosti siyo mbali. Kijana bado yuko Nakuru?"

Nabalayo alikuwa amewafuata na birika la chai na vikombe. Khaemba alimwona, akajua kwamba sasa hakuna mahali pa kupitia.

"Wamalwa alishatahiriwa, shemeji. Hospitali, Oktoba."

Khisa alimpapasa fahali shingoni mara mbili, tatu. "Basi," alisema hatimaye. "Siku hizi ni zao. Bila shaka alikuwa na haraka ya kwenda Amerika. Tulisikia kanisani kwamba amepata nafasi ya kwenda kwa ndege, tukafurahi sana, nikasema huyo sasa ni wangu. Nikangoja mniletee habari. Alifika salama?"

"Hakwenda."

"Kwa nini?"

Khaemba alivua miwani. Ilikuwa safi, lakini aliifuta. Nabalayo ndiye aliyejibu, akimtazama kaka yake kwa mshangao. "Si wewe ulikataa? Si ulimwandikia Baba Wamalwa kwamba mtoto asiende mpaka atahiriwe?"

"Mimi?" Khisa aliwatazama wote wawili. "Barua gani? Mimi sijapata barua kutoka Nakuru tangu msiba wa mzee. Mngeniuliza ningewaambia mtoto aende, hata leo, hata jana. Fahali huyu angengoja. Akifa huyu, si ningetenga mwingine?"

Fahali alipiga mkia kufukuza nzi. Nabalayo alimtazama mumewe kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua. Kisha alimmiminia kaka yake chai, akajimiminia yake, akalibeba birika kurudi nalo nyumbani.